Wani ya Saba

Kijana wa kisa hiki sitamtaja jina, kwa sababu si mmoja. Ni vijana kadhaa wa Kanda ya Ziwa ambao habari zao zinafanana mno. Nimewashona wakawa mmoja, na baba zao nao nikawashona wakawa baba mmoja.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai, yeye akiwa kambini JKT kule Bulombora, Kigoma, kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Baba yake, mkulima wa mpunga nje kidogo ya mji wa Kahama, aliyaona kwenye simu ya jirani. Baiolojia A, kemia A, fizikia E. Daraja la kwanza, pointi 7. "Wani ya saba!" jirani akapaza sauti, na kabla ya magharibi mtaa mzima ukawa unajua kwamba nyumba ile imepata daktari. Mbuzi akachinjwa, mwenye mbuzi akiwa hajapewa hata nafasi ya kuzungumza na mwanawe.

Hapa inabidi tusimame kidogo kwenye hesabu, maana maafa yote ya nyumba hii yalianzia humo. Baraza la Mitihani, NECTA, linapopanga madaraja ya kidato cha sita huhesabu A kuwa pointi 1, B kuwa 2, na kushuka hivyo hadi E yenye 5, S yenye 6 na F yenye 7. Mwenye pointi chache ndiye bora; kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Kijana wetu ana 1, na 1, na 5, jumla 7. Sasa vuka uende Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Huko mwenye pointi nyingi ndiye bora, na kijana yuleyule, kwa mtihani uleule, ana 11.

Kitabu cha mwongozo wa udahili kinasema anayeomba shahada ya udaktari wa binadamu awe na angalau pointi 6 katika fizikia, kemia na baiolojia. Baba alipoonyeshwa mstari huo akacheka. "Wanataka sita, wa kwangu ana saba!" Alikuwa anasoma kipimo cha TCU kwa namba ya NECTA, na kwa kuwa kosa lenyewe lilimpa jibu alilolitaka, hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Mstari ule haukuishia kwenye pointi 6. Kwa vigezo vya miaka ya karibuni, uliendelea kudai kwamba kila moja ya masomo hayo matatu liwe na D au zaidi. Maana yake ni hii: mtu mwenye D tatu, pointi 6 kamili, anaruhusiwa kuomba udaktari. Mwenye A mbili na E moja, pointi 11, haruhusiwi. Nimewahi kuwaeleza wazazi jambo hili wakanitazama kama niliyetunga sheria mwenyewe. Mimi sioni uonevu ndani yake. Msukumo wa damu kwenye mshipa ni fizikia, picha ya eksirei ni fizikia, na kipimo cha umeme wa moyo ni fizikia. Chuo kinachotafuta madaktari hakina sababu ya kupokea kemia mbili badala ya fizikia moja. Ila mwenye D tatu naye asishangilie mapema. Kuruhusiwa kuomba ni kuingia kwenye foleni tu. Muhimbili, Bugando, KCMC na vyuo vyote vya tiba vina idadi maalumu ya nafasi, na foleni hiyo hupangwa kwa ufaulu, wa juu mbele.

Kijana mwenyewe alilijua tatizo lake tangu mwanzo. Jumapili moja aliazima simu kambini akampigia baba.

"Shikamoo baba. Matokeo nimeyaona. Fizikia ina E."

"Marahaba. Mwanangu, watu wanakula mbuzi hapa, wewe unaniletea habari za E? Wani ni wani."

Akanyamaza. Pengine angesisitiza, angeeleza, mambo yangekwenda tofauti. Lakini ni mtoto gani wa miaka 19 atakayembishia baba yake siku ya sherehe yake mwenyewe? Usiku akaanza kuandika barua ya kurasa tatu kwa chuo. Alieleza jinsi mwalimu wao wa fizikia alivyohamishwa wakiwa kidato cha tano, na jinsi walivyokaa muhula mzima wakifundishana wenyewe kwa wenyewe kwa madaftari ya kaka zao. Yote yalikuwa kweli. Alikuwa ameona kwenye video za Wamarekani kwamba mwombaji huandika habari za maisha yake, akaeleza kwa nini alama fulani ilianguka, na watu wa udahili hukaa wakaisoma. Huko ni kweli, vyuo vingi vinafanya hivyo, na fomu zao zina nafasi ya maelezo ya ziada. Mfumo wetu hauna nafasi hiyo. Unaingiza namba yako ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, na mfumo unakwenda kuchukua matokeo yako NECTA wenyewe. Barua ile ya kurasa tatu, kwa uzuri wake wote, haikuwa na mlango wa kuingilia.

Na kulikuwa na jambo ambalo barua haikulitaja. Kwenye kidato cha nne kijana huyu alipata A nne na B tatu, na F moja ya hisabati. F ya kidato cha nne ni chini ya alama 30 kwa 100. Shuleni walimpongeza kwa zile A, nyumbani vivyo hivyo, na yeye akachukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ili aachane na hesabu. Lakini hesabu haikuachana naye. Nani aliyewahi kusoma mwendo wa duara bila kupindua fomula? Nani aliyekokotoa mkondo wa umeme bila aljebra? Mwalimu aliondoka, ndiyo, na darasa zima liliumia. Ila wenzake waliokuwa na hesabu walipata C na D kwa kujisomea, na yeye akapata E. Watu wakitazama matokeo yake wanaona mashimo mawili, F hapa na E pale. Ni shimo moja, limeonekana mara mbili. Kila nikiona matokeo ya namna hii, yenye vilele virefu na bonde moja la ajabu katikati, huwa nauliza kwanza hesabu ya kidato cha pili ilikuwaje.

Dirisha la kwanza la maombi likafunguliwa, kijana bado yuko kambini. Baba akaenda mjini kwenye steshenari, ambako ndiko maombi ya vyuo yanakojazwa kwa watu wengi wasio na kompyuta. Kijana wa steshenari akaingiza namba za mtihani, akaweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe, kama anavyowafanyia wateja wake wote (na hili peke yake limewakosesha watu vyuo, maana aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha anakokwenda, nayo huishia kwenye simu ya mwenye duka). Orodha ya kozi ikafunguka.

"Mzee, udaktari hautokei."

"Hautokei vipi? Tafuta vizuri."

"Mfumo unaonyesha zile anazostahili tu. Kuna uuguzi hapa. Kuna ualimu wa kemia na baiolojia. Kuna mambo ya chakula na kilimo kule SUA, Morogoro. Nichague zipi?"

"Nimekwambia udaktari."

Pale pale, mbele ya macho yake, zilikuwamo kozi ambazo zingempokea mtoto mwenye A ya kemia na A ya baiolojia kwa mikono miwili, na nyingine zisingemuuliza habari za fizikia hata kidogo. Baba akalipa hela ya kukaa kwenye kompyuta, akainuka.

Mtu aliyekuwa kwenye benchi la nje akainuka naye. Tanzania nzima inawajua watu hawa, tunawaita vishoka. Kila ofisi yenye foleni ina kishoka wake, awe wa leseni, wa viwanja au wa vyuo. Huyu alikuwa na shati safi na sauti ya chini.

"Shikamoo mzee wangu. Nimesikia bila kukusudia. Hilo la E ni dogo. Nina mtu Dar, anakaa humohumo ndani."

Alitaka laki nane za kuanzia, kwa ajili ya kurekebisha E iwe D. Wiki mbili baadaye zikatakiwa laki nne za kufungua faili. Ng'ombe wawili wakauzwa, pesa zikatumwa kwa simu, na kweli vitu vikaja. Ikaja nakala ya hati ya matokeo yenye fizikia D. Ikaja barua ya udahili yenye nembo ya chuo, saini na muhuri wa bluu. Ikaja fomu ya kujiunga iliyotaja hadi shuka na ndoo. Kishoka mwenye akili haibi haraka.

Katikati ya hayo shangazi yake kijana alipiga simu kutoka Mwanza. Ni muuguzi wa miaka mingi, amefanya kazi na madaktari wa kila namna, wakiwamo walioanzia chini. "Kaka," alisema, "mpeleke asome stashahada ya utabibu. Miaka mitatu. Akitoka na GPA nzuri, ya 3.0 kwenda juu, anaomba udaktari kwa njia hiyo, na fizikia ya kidato cha sita haitamzuia tena. Ila wakati anasoma, Novemba arudie hisabati ya kidato cha nne, maana njia hiyo nayo inataka D ya hisabati."

Kila neno katika ushauri huo lilikuwa sahihi, mpaka lile la hisabati ambalo wengi hulisahau na kuja kulikuta miaka mitatu baadaye wakiwa na stashahada mkononi. Baba alijibu kwa sentensi moja. "Mtoto wa wani ya saba aende chuo cha kati?"

Oktoba kijana akapanda basi kwenda Dar es Salaam na sanduku jipya, shuka na ndoo. Sijui aliamini kwa kiasi gani. Vijana niliozungumza nao hujibu swali hilo kila mmoja kivyake: mmoja anasema aliamini kabisa, mwingine anasema alijua lakini alishindwa kumkabili mzee, na wa tatu ananiambia alikuwa anasali tu. Kwenye ofisi ya udahili alimkuta mama mmoja mtu mzima, mpole, ambaye hakuinua macho.

"Namba yako ya kidato cha sita?"

Akaitaja: herufi, namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Mama akaiandika kwenye kompyuta. Kijana akatoa hati ya matokeo na barua, akazisogeza mezani. Hazikupokelewa.

"Sihitaji karatasi, mwanangu. Matokeo yako ninayo hapa. Fizikia una E. Na jina lako halimo kwa waliochaguliwa. Barua hii nani kakupa?"

Hapo ndipo penye kiini cha utapeli huu, na ndipo ninapotaka mzazi anisikilize. Watu wanadhani kishoka alishindwa kazi, kwamba mtu wake wa ndani alimgeuka au pesa hazikutosha. Hakushindwa chochote. Aliuza karatasi kwa mtu asiyejua kwamba karatasi hazisomwi. Muhuri ule ungekuwa mzuri mara 10 zaidi, jibu la yule mama lingekuwa lilelile, kwa sababu kati ya NECTA na chuo hapapiti hati iliyobebwa mkononi na mwombaji. Mwenye stashahada naye ni hivyo hivyo: matokeo yake huhakikiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, naye hupewa namba ya uhakiki ya kuingiza kwenye maombi.

Kuna mahali ambapo karatasi ilisomwa ikaaminiwa, na habari zake hazipendezi zaidi. Adam Wheeler wa Delaware, Marekani, alikuwa mwanafunzi wa Bowdoin College, jimbo la Maine, ambako alituhumiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma. Mwaka 2007 aliomba kuhamia Harvard kwa karatasi za kughushi. Alidai ametoka MIT na kabla ya hapo Phillips Academy ya Andover, na kwamba alipata alama kamili katika mtihani wa SAT. Matokeo yake ya bandia yalijaa A, ingawa MIT haiwapi wanafunzi wa muhula wa kwanza alama za herufi. Harvard ikampokea. Akapewa msaada wa fedha na tuzo za uandishi kwa kazi zisizo zake. Mwaka 2009 akaomba kupendekezwa kwa ufadhili wa Rhodes na Fulbright, na profesa mmoja aliyesoma maombi hayo akaona maneno ya mwenzake wa idara hiyohiyo. Desemba 2010 Wheeler akakiri makosa 20 mahakamani, akapewa miaka 10 ya uangalizi na kuamriwa kurudisha dola 45,806. Mwaka uliofuata alifungwa, kwa kuwa aliendelea kuitaja Harvard kwenye wasifu wake wa kuombea kazi.

Nasi tuna orodha yetu, ndefu kuliko hiyo. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana mikopo ya benki na nyumba zilizofika usawa wa lenta. Namba za vyeti zililinganishwa na kumbukumbu za NECTA, basi.

Kijana wetu hakufika huko, na kwa hilo alikuwa na bahati. Yule mama wa udahili angeweza kuita polisi. Alimshauri aichane ile hati na arudi nyumbani. Madirisha yote ya maombi yalikuwa yamekwisha fungwa. Kozi zile alizoonyeshwa baba steshenari, zilizokuwa wazi Julai, Agosti na Septemba, zilikuwa zimejaa vijana wenye pointi 6, 7 na 8. Ukitaka kujua hasara hasa ya nyumba hii, ni hiyo kuliko ng'ombe. Bidii yote ilikwenda kuizunguka E, na zile A mbili hazikupelekwa popote.

Alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, kurisiti fizikia peke yake mwaka uliofuata. Alihitaji D, yaani alama 50, na E aliyokuwa nayo ilimaanisha alikuwa kati ya 40 na 49. Mwalimu wa tuisheni, mstaafu mmoja wa Shinyanga, alimpa swali la kwanza la kukokotoa, akamtazama anavyohangaika, kisha akafunga kitabu cha fizikia. Mwezi mzima walifanya aljebra ya kidato cha pili. Kijana aliona aibu siku chache za mwanzo, hasa watoto wa jirani walipochungulia daftari lake, halafu akaizoea. Mei akaingia kwenye chumba cha mtihani na watu wazima wenye watoto, na Julai ikatoka D.

Sasa ana pointi 12 za TCU na anaruhusiwa kusimama kwenye foleni. Safari hii alijaza mwenyewe, kwa namba yake ya simu. Aliweka udaktari katika vyuo vitatu, kimoja tu kikiwa cha Dar es Salaam, na chini yake akaweka uuguzi na ualimu wa sayansi. Baba hakupinga.

Shangazi alikuja kuwasalimu wakati wa mavuno. Baada ya chakula akaomba kalamu, akaanza kuorodhesha nyuma ya kalenda: laki nane, laki nne, nauli ya Dar kwenda na kurudi, sanduku, ada ya mtihani, mwalimu mstaafu.

"Kaka, unakumbuka akiwa kidato cha tatu nilikwambia alipiwe tuisheni ya hesabu?"

"Mtoto alikuwa wa pili darasani," baba akasema. "Na bei ya ng'ombe mwaka jana ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri, ndiyo. Na tuisheni ilikuwa elfu kumi na tano kwa mwezi."